Sukari ya Melkizedeki na Mabinti wa Cherehani

Adabu ndiyo nusura imponze Melkizedeki Mmbaga. Ni ile adabu aliyolelewa nayo milimani, kwamba mtu haingii kwa watu mikono mitupu, wala hataji kilichomleta kabla hajauliza mvua imenyeshaje, maharage yamekubali kiasi gani, na yule ng'ombe mwenye baka amezaa au bado. Ukimwona barabarani pale Same nawe una haraka, ilikuwa afadhali ujibanze nyuma ya duka mpaka apite. Salamu zake peke yake zilitosha kuivisha makande.

Alikuwa karani wa shamba la mkonge kwa miaka mingi huko tambarare, akiita majina ya wakataji alfajiri, watu wa Kigoma, wa Songea, wa Singida, na kila mmoja alimjua kwa jina la baba yake. Mashamba yalipotaifishwa wakaletwa makarani vijana, naye akapata kazi kwenye chuo kidogo cha ufundi cha kanisa, juu kidogo ya mji wa Same. Kulikuwa na useremala na uashi kwa wavulana, na tangu wafadhili wa ng'ambo walipoleta cherehani, kulikuwa na darasa la ushonaji kwa wasichana. Melkizedeki alikuwa karani, mtunza stoo na mpiga kengele, yote kwa mshahara mmoja.

Mwaka wa sabini na mbili wafadhili waliandika kwamba wanataka kujua habari za kila msichana aliyemaliza: yuko wapi, na je, ufundi wake umempatia kazi? Kama wasichana wanafundishwa kisha wanarudi kukaa tu majumbani, walisema kwa upole, cherehani zitahamishiwa chuo kingine zikafae zaidi. Ripoti waipate kabla ya Krismasi.

"Mzee, kazi hii ni yako," alisema Mwalimu Hezroni, mkuu wa chuo. "Unaijua milima na unawajua watu."

Melkizedeki alikubali, lakini kwa wasiwasi. Binti yake wa mwisho, Wema, alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilia wiki nzima, akanyamaza siku baba yake alipomwambia kuwa Januari ataingia darasa la ushonaji. Tangu hapo, akikaa mezani, mguu wake ulikuwa ukikanyaga chini kwa chini pedeli ya cherehani isiyokuwepo. Rogathe, mama yake, alikuwa akimwona na kutabasamu. Sasa Melkizedeki naye alipouona mguu ule, chakula kilimshinda.

Alianzia Chome. Alipanda gari la mizigo mpaka barabara ilipokataa, akamalizia kwa miguu, mkobani ana kilo ya sukari. Alikuwa anakwenda kwa Mzee Respicius, baba yake Jenoveva, msichana aliyeongoza darasa la kwanza kabisa la ushonaji. Alipokewa vizuri. Alitoa sukari, akasema anatoka chuoni Same kwa kina Mwalimu Hezroni, akaketi. Wakaongea mvua. Wakaongea maharage. Ng'ombe alikuwa amezaa. Chai ilipoletwa ndipo Melkizedeki akaona sasa si utovu wa adabu kulikaribia jambo lake.

"Na binti yenu, Jenoveva," alisema akikoroga chai taratibu, "bado yupo?"

Mama wa nyumba akamtazama mumewe.

"Yupo," Mzee Respicius akajibu. "Ametumwa kidogo."

"Siku hizi anajishughulisha na nini?"

"Ametulia tu nyumbani, anamsaidia mama yake. Si mtu wa kuzurura."

"Hana kazi yoyote huko nje? Labda sokoni?"

"Sokoni!" mama akaruka. "Binti yetu? Hata njia ya huko haijui!"

Melkizedeki akasikitika kimoyomoyo. Kama Jenoveva amekaa tu, wengine watakuwaje? Hata hivyo akashukuru, akasema atawafikishia habari waliomtuma.

"Hao waliokutuma," Mzee Respicius akauliza akijifanya anatazama dari, "ni watu wazuri?"

"Wazuri sana. Wacha Mungu. Ila wako mbali."

"Umbali si neno. Tumekusikia, ndugu yangu. Ukoo utakaa, na majibu tutayaleta wenyewe."

Melkizedeki aliteremka mlima akistaajabia ushirikiano wa watu wa Chome. Hajapata kuona wazazi wanaojitolea kuifuata ripoti mpaka mjini. Tena walimpa jogoo.

Msomaji aliyezaliwa huku ameshacheka zamani. Mtu mzima asiye ndugu akipanda mpaka kwako na sukari, akaketi, akazunguka mvua na maharage na ng'ombe, kisha akatua kwa binti, huyo ni mshenga. Na mshenga haambiwi kwamba binti yako anashinda na watu sokoni akipima viuno vya wanaume. Unamwambia ametulia. Melkizedeki mwenyewe aliwahi kupeleka posa za watu kwa namna hiyo hiyo, neno kwa neno, lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye ripoti, na hakujiona.

Basi akaendelea kuzunguka na sukari yake. Kwenye vijiji vya mlimani, ametulia. Kwakoa, kwa wazazi wa Lukia, ametulia mno, hata sauti yake haisikiki. Kila nyumba ilimhakikishia kwamba binti hafanyi lolote, na kila nyumba ilisema hivyo kwa fahari, jambo lililomchoma zaidi. Mahali pamoja tu alipata jibu jingine. Kwenye kambi ya shamba la mkonge, baba yake Saada, mkataji kutoka Kigoma, alimjibu wakiwa wamesimama juani: "Saada? Anashona suruali za kambi nzima. Hata hii niliyovaa." Melkizedeki alifurahi, akaandika, akahesabu kuwa ni bahati ya mmoja.

Alipomsomea majina Koleta, mwalimu wa ushonaji, mama yule alitupa kipande cha kitambaa mezani.

"Jenoveva amekaa nyumbani? Huyo hata kanisani alikuwa anatazama mishono ya migongo ya watu! Mzee, umeuliza nini huko?"

"Nimeuliza kwa adabu."

"Basi umeuliza vibaya."

Aliumia kuambiwa hivyo na mtu aliyekuwa na umri wa Eliaichi, mwanawe wa kwanza. Lakini angefanya nini? Hakuwaona wasichana wenyewe, na maneno ya wazazi ndiyo aliyokuwa nayo. Alianza kuiandika ripoti kwa mwandiko wake mzuri wa karani, akiona kwamba anaizika Januari ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Wema hakuuliza kitu. Alikuwa amejishonea mkoba wa vitambaa chakavu wa kuwekea mkasi, kwa mkono, tayari kwa chuo, na akautundika ukutani mahali ambapo kila mtu aliuona.

Jumamosi moja mchana, wageni wakabisha hodi. Walikuwa Mzee Respicius wa Chome na kaka yake, wamevaa makoti ya Jumapili, na mama mmoja mwenye kitenge kipya waliyemtambulisha kuwa ni shangazi yake Jenoveva, mkazi wa Gonja. Rogathe akawakaribisha, akaweka maji jikoni. Mvua ikaongelewa. Maharage yakaongelewa. Kisha Mzee Respicius akajisafisha koo.

"Ndugu Mmbaga, tumekaa. Tumekubali."

"Ahsanteni," alisema Melkizedeki, asijue anashukuru nini.

"Mmekubali nini?" aliuliza Rogathe kutoka mlangoni.

"Posa, mama."

"Posa ya nani?"

Wageni wote watatu wakamtazama Melkizedeki. Rogathe naye akamgeukia, mwiko mkononi.

"Baba Eliaichi," alisema polepole, "unataka kuoa?"

Melkizedeki aliinama akatazama viatu vyake. Shangazi mtu, kwa kudhani ni aibu ya mshenga tu, akaendelea na lililomleta. "Lakini kuna jambo lazima tulisahihishe, maana Jenoveva ametugomea. Kasema hataposwa kwa uongo. Hakai nyumbani. Anakaa kwangu Gonja, anashona kwenye ushirika wa akina mama. Sare za watoto wa shule ni yeye, mashuka ya wagonjwa ni yeye, na sasa anafundisha wenzake wawili. Kasema mkamwambie yule mzee ukweli, na kwamba mwanamume atakayemwambia aiache cherehani asijisumbue kupanda Chome."

"Tulificha," Mzee Respicius akasema, macho chini. "Tulidhani mtamwona ni msichana wa kutangatanga. Utusamehe."

Hapo ndipo Melkizedeki alipoelewa. Akaona nyumba zote alizozunguka, viti vizuri alivyopewa, akina mama waliovaa khanga mpya kumpokea, majogoo. Akawaeleza wageni, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuzunguka popote, kwamba hakuna kijana, hakuna posa, kuna ripoti tu. Kisha Rogathe akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini na kujifuta macho kwa pindo la khanga, na shangazi wa Gonja akamfuata.

"Hebu niambie," Rogathe akasema alipopata pumzi, "kule kambini kwa kina Saada ulipeleka sukari?"

"Iliniishia Kwakoa."

"Uliketi?"

"Hapakuwa na kiti."

"Si ndiyo maana wakakwambia ukweli!"

Mzee Respicius alikuwa bado anajitahidi kutabasamu. "Na jogoo wangu?"

"Tumeshamla," alisema Rogathe, na safari hii hata yeye mwenye jogoo alicheka.

Krismasi ilikuwa imekaribia. Jumatatu asubuhi Melkizedeki aliondoka tena, safari hii na Koleta, na mkobani hamkuwa na sukari. Kila nyumba walisimama nje ya ua, naye akapaza sauti kabla hata ya hodi: "Sikuja kuposa! Nimetumwa na chuo kuuliza kazi ya binti!" Ilimuuma, tena sana. Kwa watu aliowajua tangu utoto alijiona kama mtu asiyelelewa, na kuna mama mmoja aliyemwambia hivyo hivyo usoni. Lakini milango ilifunguka. Lukia, yule ambaye sauti yake haisikiki, walimkuta kwenye baraza la duka Kwakoa akigombana na mteja juu ya urefu wa kaptula. Mwingine alikuwa akilima asubuhi na kushona mchana. Mwingine sindano ya cherehani ilimvunjikia miezi iliyopita na hakujua pa kupata nyingine. Koleta alifungua pochi, akampa, wakamwacha anatunga uzi. Walikuwepo pia wawili waliokuwa wamekaa kweli kweli, na Melkizedeki aliwaandika hivyo, kwa kuwa hakutaka kuondoa uongo mmoja aingize mwingine.

Ripoti ilikwenda. Januari darasa lilifunguliwa kwa imani tu, Wema akiwa kiti cha mbele na mkoba wake wa vitambaa. Majibu yalifika karibu na Pasaka, yakisema cherehani zibaki zilipo. Mwalimu Hezroni aliyasoma kwa sauti mbele ya chuo kizima, na Melkizedeki akaenda kupiga kengele ya chakula kabla ya saa yake, ili watu wasione machozi.

Mwaka wa sabini na tano, mwezi wa mavuno, mgeni alibisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa mzee nadhifu kutoka Gonja, viatu vimepigwa rangi, na mkononi ana kilo nzima ya sukari, tena mwaka ule ambao sukari ilikuwa adimu. Akaketi. Akauliza mvua imenyeshaje. Akauliza maharage. Melkizedeki akajibu yote, na kadiri mgeni alivyozunguka ndivyo kifua kilivyomjaa, kwa kuwa alijua duara lile linaishia wapi.

"Na binti yenu, Wema," mgeni akasema akikoroga chai, "bado yupo?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, lile la baba yake na babu yake: yupo, ametulia. Familia iliyomtuma mgeni aliijua, walikuwa watu wa maana, na neno moja la kijinga lingeweza kumpotezea mwanawe nyumba nzuri. Rogathe alikuwa ameacha kupepeta. Walitazamana.

"Hayupo," Melkizedeki akasema. "Yuko kazini pale mjini. Anashona, anashinda na watu, na kazi hiyo hataiacha. Waambie hivyo waliokutuma, hata kabla hujamaliza chai."

Mgeni aliweka kikombe chini. Melkizedeki akajiandaa kurudisha sukari.

"Wanajua, mzee mwenzangu," mgeni akasema. "Kijana alimwona huko huko kwenye cherehani, alipopeleka suruali. Tangu siku hiyo kila wiki anachana moja."

Rogathe akageukia ungo wake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Melkizedeki alivuta kiti karibu na mgeni.

"Basi kaa vizuri," akasema. "Na yule ng'ombe wenu, amezaa?"