Jeep ya Komanda Kwenye Ndoano ya Koko

Butembo haijawahi kuona treni. Ukitaka kubisha, bisha, mais treni hiyo ingepita wapi, kwenye hii milima yetu? Na bado reli tunayo. Iko Bulengera, nyuma ya usine, kiwanda cha zamani cha kahawa. Ina urefu wa hatua arobaini, inaanzia kwenye majani na kuishia kwenye majani. Juu yake imesimama grue ya moshi, mashini ya kunyanyua vitu vizito, yenye magurudumu manane ya chuma, tangi la kuchemshia maji mgongoni, na mkono mmoja mrefu ulioinuka juu kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Tunaiita Koko, maana hakuna mtu hai Bulengera anayeizidi umri.

Koko alizaliwa Ulaya kwa kazi moja tu: treni ikianguka, yeye anaenda kuiokota. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi upande wa Uganda, mpaka zilipokuja mashini za mafuta wakamweka pembeni. Mzungu mmoja wa kahawa akamnunua, akamfungua vipande vipande, akamvusha mpaka wa Kasindi kwa makamio, yaani malori, akamtandikia reli yake mwenyewe ili ashushe mashini za usine na magogo. Baadaye mzungu akaondoka. Usine ikafa. Koko akabaki, na pamoja naye akabaki mtu aliyekuwa anamwasha, yaani baba mukwe wangu, ninayemwita tata. Mwenye kiwanja mpya alimwambia kwamba siku zote atakazolinda ile mashini, nyumba ya mlinzi ni yake. Alimwambia kwa mdomo. Wanaume na mambo yao ya mdomo!

Nyumba hiyo ndiyo niliyoingia kama bibi harusi, diploma ya sekondari ndani ya valizi, na ndimo nilimozaa. Mtoto alikuwa na miezi saba wakati bwana yangu alikwenda Oicha kutafuta kakao. Barabara ikafungwa na vita, akabakia kunitumia salamu. Salamu hazivalishi mtoto, lakini basi. Nilibaki na mtoto, mzee na Koko.

Ndipo komanda mmoja akaja, asubuhi moja, na askari wake na jeep nyeupe iliyosafishwa mpaka inaumiza macho. Wakati ule kila baada ya miezi michache tulikuwa na wakubwa wapya, na kila mkubwa alikuja na cachet yake, yaani muhuri, na njaa yake. Huyu alimzunguka Koko mara mbili, akampiga teke kwenye gurudumu.

"Hii chuma inafanyaka kazi gani?" akauliza.

"Inapumuzika, bwana komanda," akajibu baba mukwe.

"Chuma haipumuzikake. Tutaikata vipande, tuipeleke kuuza Kasindi."

"Na nyumba yetu?" nikauliza mimi. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini mdomo wangu haungojei zamu.

Komanda akacheka. "Mulinzi wa nini tena, mama, kama kitu ya kulinda haiko? Mutahama."

Mahali pa kuhamia hatukuwa napo. Nilihisi hasira inapanda kutoka kwenye magoti. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie mambo ambayo wangenipiga kwa ajili yake, na Mungu akaniokoa kwa njia ya dereva. Dereva alikuwa anarudisha jeep nyuma ili aigeuze. Nyuma kulikuwa na lile shimo la saruji walimokuwa wakioshea kahawa zamani, limefunikwa na mbao zilizooza na nyasi. Tulisikia kraa! Kisha tukaona dereva anatoka kwa dirisha kama panya, na jeep nzima imezama matako ndani ya tope, taa za mbele zinaangalia mawingu.

Mtoto wangu akapiga makofi. Naapa sikumfundisha.

Askari kumi na wawili wakavuta kwa kamba, kamba ikakatika, nao wakalala chini kama mihogo. Wakaleta kamio, kamio nayo ikaanza kuteleza kuelekea shimoni, wakairudisha ilikotoka. Komanda alikuwa anaangalia jeep, halafu anaangalia Koko, halafu jeep. Reli ya Koko inaishia hatua sita kutoka lile shimo.

"Muzee," akasema taratibu, "hii grue inawezaka kuwaka?"

Baba mukwe ni mtu wa kweli. Koko hakuwa amewaka tangu kabla sijaolewa. Nikaona anataka kusema ukweli wake, nikamtangulia.

"Inawaka muzuri sana! Mais ni muzee, inaomba siku tatu ya kuamuka."

"Jumamosi, basi. Isipowaka, naikata Jumamosi hiyo hiyo."

Wakaondoka kwa miguu. Baba mukwe akanigeukia. "Mama," akasema, "umeniuzisha."

Tukaanza kazi. Aliingia ndani ya tangi na taa, akagonga kila bomba kwa nyundo ndogo, akisikiliza kama daktari. Mabomba mawili yalikuwa yameoza, akayaziba. Shida ilikuwa ile gurudumu ya juu kabisa, kwenye ncha ya mkono, panapopita kamba ya chuma. Ilihitaji grisi, na magoti yake hayawezi kupanda tena. Mimi naweza. Mais kwetu muke hasimami juu ya kichwa cha baba mukwe wake, hata kwenye ngazi, hata nyumba ikiungua. Tukabishana kwa heshima, yeye akiangalia mti, mimi nikiangalia kuku. Mwishowe aliingia nyumbani, akafunga mlango, akakaa na mgongo ukutani, nami nikapanda na pagne yangu, kitenge, nimeifunga kiunoni. Alinielekeza kupitia dirisha bila kuangalia.

"Umefika kwa gurudumu?"

"Nimefika, tata!"

"Inazunguka?"

"Inalia!"

"Paka! Na ushuke, niko nachoka kukosa kukuona!"

Ijumaa nilikwenda kuomba msaada kwa bamama wa kanisa letu. Nilihitaji maji ya kujaza tangi na kuni za mkaratusi. Hilo tu ndilo niliomba. Walikuja ishirini na kitu, na mabidoni ya maji, na kuni kichwani, wanaimba, nikaona mambo yamenyooka. Nikaenda kunyonyesha mtoto. Kumbe kosa lilikuwa hapo. Mama Munande, yaani mwanamke wa kabila letu, ukimwambia kesho mgeni mkubwa anakuja, atasafisha. Hawezi kujizuia. Niliporudi walikuwa wamempanda Koko kila upande, na mchanga, na majivu, na sabuni, wanasugua meno ya magurudumu yake mpaka yanang'aa kama sahani za harusi. Ile grisi nyeusi ambayo baba mukwe aliitunza miaka yote, ndiyo ya mwisho Bulengera nzima, ilikuwa inateremka na maji machafu kuelekea kwa jirani.

"Alikuwa muchafu, masikini!" kiongozi wao akaniambia, jasho linamtoka. "Mulikuwa munaishi naye hivi hivi?"

Baba mukwe alikaa juu ya reli, akashika kichwa. Hakutukana. Afadhali angetukana. Bila mafuta, akasema, meno yatakulana na kukatika kabla jeep haijatoka kwenye tope. Nikawageukia bamama wa watu, nikawaambia yote ambayo sikumwambia komanda. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ndogo, "Si tuko na mawese?"

Saa ile ile kila mmoja alikimbia jikoni kwake. Wakarudi na chupa, na sufuria, na nusu bidoni. Wakampaka Koko mawese mekundu kutoka miguu mpaka shingo, kwa mikono, kama mtoto aliyezaliwa sasa.

Jumamosi tulimwasha alfajiri. Saa nne alikuwa anachemka, na mawese yalishika joto, na harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaenea Bulengera yote. Watu walipanda juu ya ukuta wa usine wakitafuna mahindi. Wengine walitelemka kutoka sokoni. Askari walikuja na njaa yao wakawa wanameza mate tu. Mmoja akauliza kwa Kilingala hiki ni kitu gani: "Eloko nini oyo, grue ao restaurant?"

Baba mukwe akavuta filimbi. Koko akapiga kelele moja ambayo iliwalaza askari wawili chini na bunduki zao. Ukuta mzima ukacheka. Kamba ikashuka, ndoano ikafungwa kwenye jeep kwa minyororo, mzee akasukuma wenzo wa chuma, na Koko akaanza kukohoa, puh, puh, puh, na ile jeep ikatoka kwenye tope kama jino bovu. Ikapanda, ikageuka hewani, ikiwa inadondosha maji ya kahawa ya zamani.

"Simamisha hapo, tata," nikasema.

Akasimamisha. Nikatoa karatasi kwenye pagne ya mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeiandika katika Kifaransa cha shule, na kichwa chake Attestation, yaani cheti, kimepigwa mstari mara mbili. Ilisema kwamba mashini hii si chuma chakavu, isikatwe, isiuzwe, ibaki kwenye reli yake, pamoja na nyumba ya mlinzi na watu wake.

"Bwana komanda, unaweka sinyatire hapa."

Akasoma. Uso ukabadilika rangi. "Mama, unanichezea?"

"Hapana. Nangoja."

"Na nikikataa?"

"Haina shida. Moto itazimika yenyewe, jeep itabaki yulu hewani. Siku ya soko bantu bataleta batoto bayiangalie."

Askari mmoja akainua bunduki kumwelekea mzee. Nikamwambia, "Ee, mutishe! Mukono yake ikitetemeka, nani atashusha jeep? Wewe?"

Kutoka ukutani mtu akapiga kelele: "Komanda, sinye tu! Mahindi inatuishia!"

Akasaini. Nikaangalia karatasi. "Na cachet?"

"Cachet iko ku bureau!"

"Basi iende ikachukuliwe. Karatasi bila cachet ni ya kufungia karanga."

Akatuma askari na pikipiki. Ni hapo baba mukwe aliniita, bila kugeuza kichwa, sauti ya chini kabisa. "Mama. Hawa bibi bako bamepaka mawese hata ku freni."

Nikaangalia ile freni, breki ya kamba. Jeep ilikuwa inashuka. Polepole, kidole kwa kidole, kurudi kwenye shimo. Mzee alikuwa anaizuia kwa mvuke peke yake, na mvuke ulikuwa unapungua. Nikatupa kuni motoni. Haikutosha. Nikaanza kumwongelesha komanda kwa sauti ya juu, habari za mvua, habari za barabara ya Beni, ana watoto wangapi, huku nikichota majivu chini ya moto kwa mikono miwili, ya moto hivyo hivyo, na kuyamwaga kwenye freni kama mtu anayefanya usafi.

"Unafanya nini hapo?" akauliza.

"Anapenda majivu, huyu Koko. Kama kuku."

Majivu yakanywa mafuta, freni ikauma. Jeep ikasimama, tairi za nyuma zikiwa hatua moja juu ya tope. Vidole vyangu viliungua, alama ninazo mpaka leo.

Pikipiki ikarudi. Komanda akapuliza cachet, akapiga, pah! Mzee akageuza mkono wa Koko, akaweka jeep chini mbele ya miguu ya komanda taratibu sana, hata kioo hakikulia. Mimi najua kwamba mvuke ulikuwa umeisha kabisa. Ukuta ulidhani ni ufundi, wakampigia makofi.

Komanda yule hakumaliza hata mwaka. Akaja mwingine, adui yake, naye akampiga Koko teke. Nikamtolea karatasi. Aliitukana ile cachet ya kwanza kwa muda mrefu, kisha akaona aibu kuwa mkubwa mdogo kuliko yule, akapiga yake pembeni, kubwa zaidi. Wa tatu alifanya vilevile. Wa nne hakupata nafasi ya cachet yake, akageuza karatasi, akapiga kwa nyuma.