Firigisi ya Shikanga

Miaka ile kila shamba la Musanda lilipogeuka miwa, Shikanga ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga miwa katika kiwanda kidogo cha sukari guru. Mashine ilitoka Uhispania, na juu ya gurudumu lake dogo la kuzungusha kwa mkono paliandikwa velocidad. Fundi Mhispania aliyeifunga alimwambia Shikanga maana yake, kisha akaenda zake.

Wenzake walipouliza, Shikanga alicheka puani. "Hilo ni neno la mafundi," aliwajibu. "Leo nimepandisha velocidad," alijigamba kila jioni, nao wakamstahi. Mtu akinyimwa chumvi huenda kwa jirani; neno lile jirani hakuwa nalo.

Ndipo akaenda matangani Khwisero siku tatu, na mwenzake Barnaba akashika zamu yake. Miwa ilipokwama, Barnaba alizungusha gurudumu lile akidhani ndilo la kuzimia mashine. Mashine ikaongeza kasi, ikamla vidole viwili.

Jumapili Shikanga alikwenda kumpa pole. Selpher, mke wa Barnaba, alikuwa amechinja kuku, na Barnaba, mkono umefungwa bendeji, akaagiza firigisi, kipande cha heshima, apewe mgeni. Shikanga aliitafuna, aliitafuna, isishuke.

"Ndugu yangu," Barnaba akasema, "lile neno maana yake ni nini hasa?"

"Mwendo."

"Mwendo tu?"

"Mwendo tu."

Barnaba aliutazama mkono wake. Kisha akamgeukia mkewe.

"Selpher, mwongezee mgeni mchuzi. Firigisi imemkwama."