Jemimah Mara Tatu

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi sikumpenda Jemimah. Hakuwahi kunikosea. Alikuwa tu mtu wa kutoka kijijini Kiogoro asubuhi na viatu visivyo na tope, anakusalimu kwa jina lako lote na kuuliza watoto wameamkaje, na watu wa namna hiyo hunikera. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani kwa Bipin, muuza vitambaa wa hapa Kisii mjini. Unanunua kitambaa ndani kwake, unashonewa nje kwangu. Nimekaa hapo miaka kumi na mmoja.

Jemimah alikuwa karani katika ofisi ya wakili, ng'ambo ya barabara. Miaka thelathini na minane, ndoa miaka tisa, mtoto hakuna. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linapotea: mimi Kemuma ni Mama Obadiah, jirani yangu muuza ndizi ni Mama Ogari. Yeye alibaki Jemimah. Mama mkwe wake alilitamka jina hilo kama anaita mtu wa kufua.

Shida ilikuwa uvimbe kwenye kizazi. Damu ilikuwa inamtoka siku kumi kila mwezi. Lakini dawa ilikuwepo: kila Agosti madaktari wa upasuaji huja kambi ya wiki moja katika hospitali fulani ya misheni upande wa Nyamira, wanapasua bure, wanaondoa uvimbe na kukuachia kizazi chako. Mwaka uliotangulia walimpandisha kwenye mizani wakamrudisha nyumbani. Kilo mia moja na nne. Walisema dawa ya usingizi itamlaza moja kwa moja, ashuke chini ya tisini kwanza, ndipo arudi. Nesi alimwambia hayo kwenye foleni, kwa sauti, watu wote wakageuka kumtazama. Jemimah alinisimulia aibu ile mara nyingi kuliko alivyonisimulia uvimbe wenyewe.

Nesi alimpa masharti mawili. Apime uzito mara moja kwa wiki, Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Na apime kwa mizani ile ile, asirukeruke, maana kila mizani ina tabia yake. Sharti la kwanza alilisahau kabla hajafika nyumbani. La pili alilishika kama amri ya Mungu.

Mizani aliyoichagua ilikuwa ya Nyasani. Huyu Nyasani hukaa hatua tano kutoka kwa cherehani yangu, chini ya mwavuli, na mizani yake ya kukanyaga, ile ya sindano. Zamani alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo kimoja huko Nyamira, akafukuzwa kwa sababu kilo za wajane zilikuwa zikipotea njiani kati ya ndoano ya mizani na daftari. Alikuja mjini na desturi yake ya kituoni. Kule kilo husomwa na karani, na husomwa kwa kelele, mwenye majani asikie na waliopanga foleni wasikie. Kwa hiyo ukipanda kwa Nyasani hunong'onezwi. "Mama wa sweta nyekundu, sabini na tatu!" Watu wengi hupanda mara moja wasirudi. Tena ana kofia yake ambayo hufunika kioo cha mizani, ati jua linalegeza sindano, na huiondoa ukishasimama tu.

Jemimah alipanda Januari. "Mia moja na mbili!" Wanaboda waliokuwa wakingoja abiria na pikipiki zao wakapiga honi. Nikajua huyo hatuoni tena. Kesho yake huyo hapo. Kufika Februari alikuwa anapanda asubuhi akiingia kazini, saa saba akitoka kula, na jioni akienda kwake, tukampa jina Mara Tatu, vile huandikwa kwenye bahasha ya dawa. Asubuhi ni mia moja, anacheka na kila mtu. Saa saba amekunywa maji na kula ndizi mbili, ni mia moja na moja, machozi yanamlengalenga. Jioni hasemi na mtu. Mtu mzima, amesoma, ana kabati la faili, anaharibikiwa na siku kwa sababu ya mkojo wake mwenyewe! Mimi nilikuwa nacheka mpaka uzi unakatika.

Meena, mke wa Bipin, peke yake ndiye aliyemwambia la maana. Meena ana ugonjwa wa sukari, naye anapunguza mwili kwa amri ya daktari. Siku moja alitoka dukani akamwita kando, ila Meena hajui kusema polepole, sote tukasikia.

"Jemimah, mimi napima Jumapili tu. Wiki nzima siangalii. Ukipima kila saa unapima maji na chakula cha jana, mafuta hayaendi kwa siku moja. Ama njoo huku juu kwangu, nina mizani, utapima bila makelele."

Jemimah akamshukuru sana, akainama kidogo kama mtoto wa shule. "Lakini nesi alisema mizani iwe moja. Ya kwako itanichanganya, mama."

"Shauri yako," Meena akasema, akarudi kwa vitambaa vyake.

Machi tukaweka dau. Si la pesa, ni la chai na chapati: watakaoshindwa walishe baraza lote wiki nzima. Wanaboda, kiongozi wao Nyangau, walisema Jemimah atafika tisini kabla ya kambi. Mimi, Nyasani na Mama Ogari tukasema hafiki, ng'o! Mwanamke wa Kisii aache ugali? Atakufa kwanza, nilisema, na kila mtu akacheka.

Akaacha ugali. Akaacha chai ya maziwa, akaacha na ndizi. Akawa mtu wa chinsaga na maji ya ndimu, tena ile chinsaga isiyotiwa maziwa, mboga chungu ambayo hata mwenye kuilima huitafutia maziwa kwanza. Akawa anakuja mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Aprili, tisini na saba. Mwisho wa Mei, tisini na tatu. Nyangau akaanza kunipitia kila asubuhi kuniambia yeye chapati zake anapenda za moto. Hapo ndipo nilipomchukia Jemimah kwelikweli.

Asubuhi moja ya Juni, kabla hajafika, nilimwona Nyasani amepiga magoti anazungusha kile kigurudumu kidogo kinachosogeza sindano. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaweka kofia juu ya kioo. Mkono uliozoea kupunguza kilo za wajane hauoni ugumu kumwongezea mwanamke tasa.

"Tisini na tano!"

Jemimah alishika nguzo. Mimi nilicheka hadi nikajidunga kidole. Akishaondoka, Nyasani anarudisha sindano mahali pake kwa ajili ya wateja wengine, na kwa kuwa mteja wetu alikuja saa zile zile tatu kila siku, haikuwa kazi hata kidogo. Kilo mbili wiki hiyo, tatu iliyofuata. Kufika Julai alikuwa anamwongezea saba.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mimi. Mwisho wa Juni aliniletea sketi ya kazini nimpunguzie. Nikampitishia tepu kiunoni, inchi tatu zimeenda. Katikati ya Julai akairudisha sketi ile ile, inchi mbili nyingine. Kola ya blauzi ilikuwa imemwachia shingo, na shingo yenyewe ilikuwa na mishipa. Akasimama pale mikono imeinuliwa, akaniuliza, "Mama Obadiah, mbona nguo zinashuka na mizani inapanda?"

Nikaweka pini mdomoni ili nipate muda. "Ni kitambaa," nikamwambia. "Hivi vya siku hizi vikifuliwa vinalegea."

Akaniamini. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zake zote nilishona mimi.

Akaacha chakula cha usiku. Damu inatoka, chakula hakiingii. Mumewe Haron, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole hadi anakera, alikuja kuniona akiwa ameshika kofia mkononi. "Mama Obadiah, wewe ndiwe rafiki yake huku mjini. Nakuomba, mwambie ale hata uji." Rafiki! Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.

Jumatatu ya kambi walifika barazani saa kumi na mbili na nusu. Jemimah alikuwa amebeba mfuko: leso mbili, ndara, beseni dogo, barua ya hospitali. Haron alikuwa amekodi gari, dereva ameacha injini ikinguruma. Nyasani alikuwa tayari. Mimi nilikuwa nimewahi makusudi, nisikose.

Kofia ikaondolewa. "Tisini na nne!"

Akashuka. Akavua viatu, akapanda. Tisini na nne. Akavua sweta, akavua saa, mwishowe akavua wigi, akasimama barabarani na nywele zake zimesukwa ovyo, mabega mifupa mitupu. Hata Nyangau aliangalia chini. "Tisini na nne," Nyasani akasema, safari hii bila kelele. Toa saba zake Nyasani, hiyo ni themanini na saba. Alikuwa amefika, na kupita.

Akaja kukaa kwa benchi yangu. "Nimekula nini mimi? Mama Obadiah, nimekula nini?"

"Twende tu," Haron akasema. "Twende wakapime wenyewe."

"Mbele ya ile foleni? Tena? Wanipigie kelele tena?" Alikuwa analia bila sauti, kamasi zinamshuka. "Siwezi, Haron. Siwezi hiyo." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unasemaje?"

Watu wawili walikuwa wananitazama. Nilikuwa na nafasi, na wala haikuhitaji maneno mengi. Nenda, Jemimah, hiyo mizani ni mbovu. Basi. Lakini ningesema hivyo Nyasani angesema Kemuma alijua tangu Juni, na Nyangau angesema chapati zangu ziko wapi.

"Daktari akisema tisini ni tisini," nikasema. "Mwakani si mbali."

Haron alimlipa dereva, gari likaondoka tupu. Saa nne wanaboda walileta chai na chapati. Nilikula mbili, nikamfungia Obadiah moja kwenye gazeti.

Alhamisi Jemimah alianguka ofisini. Nyangau ndiye aliyembeba hadi kwenye taksi, na aliporudi shati lake lilikuwa limelowa damu hadi kwenye mshipi. Hospitalini hawakuwa na muda wa kutafuta uvimbe mmoja mmoja. Mwanamke hana damu mwilini na ile kidogo aliyo nayo inamwagika. Walimtoa kizazi chote ili abaki hai. Niliposikia, sikuona huruma. Niliona woga. Usiku nilikuwa nawaza kama mizani huacha alama ya mtu aliyeichezea, na kama Mama Ogari, aliyekuwa ameona kama mimi, anaweza kufunga mdomo. Huruma ilikuja baadaye, ikakaa vibaya, na bado iko.

Nyasani alikataa kwenda kumwona, alisema harufu ya hospitali inamchafua moyo. Mimi nilienda Jumamosi na chupa ya uji wa wimbi, maana kutokwenda kungeonekana. Nje ya wadi nilimkuta mama mkwe kwenye simu, anamweleza mtu fulani huko kwao kuhusu msichana mmoja wa Nyamarambe, mwenye afya, wa familia nzuri. Haron alikuwa ameketi kando yake akitazama viatu. Aliniona, akasimama kunishukuru kwa kuja.

Ndani, Jemimah alikuwa mdogo kwenye kile kitanda. Alipotambua ni mimi akatabasamu, na heri angenitukana.

"Umekuja," akasema. "Wewe peke yako wa pale barazani. Nimesema na Haron, huyu hakuwahi kunicheka."

Nikafungua chupa. Nikamwaga kidogo kwenye shuka, nikafuta na kitambaa changu.

"Jana walinipima, wapate kujua dawa ya kunipa," akaendelea, sauti iko mbali. "Themanini na tano, Mama Obadiah! Jumatatu nilikuwa tisini na nne. Ugonjwa umenitoa kilo tisa kwa siku nne, na mimi nilihangaika tangu Januari." Akapumzika kidogo, akanishika mkono. "Mimi nimekuwa nikiwaza hapa. Kama hii damu ingenishika wiki moja mapema, ningefika tisini, wangenipasua vizuri, ningebaki na kizazi changu. Si ni kweli?"

Alikuwa anangoja nijibu.

"Ni kweli," nikamwambia, nikamshikia kikombe akanywa.