Bibi Alipokawia Kuitika

Enzi zetu, safari haikuanza kwa kuuliza kama huko uendako kuna mtandao. Tulitoka Kitanga kabla umande haujakauka, mimi na bibi yangu aliyenilea, tukakata nyika ya juu iliyoungua kwa moto wa kiangazi, masizi yakitupanda hadi magotini. Nilibeba kapu la ugali wa muhogo na maharage. Tulikuwa tunakwenda kwenye chemchemi ya maji moto, kwa ajili ya magoti ya bibi.

Pale palikuwa na desturi. Anayeoga huingia nyuma ya mwamba, mwenzake hubaki njiani, na kila baada ya muda humwamkia kwa Kiha: "Mwakeye!" Aliye majini lazima aitike, maana joto lile liliwahi kuwazimisha watu wazima.

"Nisipoitika njoo," bibi aliniambia. "Usiite mara ya tatu."

Niliita. Kimya. Mvuke tu ulikuwa ukipanda. Niliita tena. Nilikuwa na miaka minane, na duniani nilikuwa na yeye tu. Nikakimbia na kapu langu mkononi, nikajitupa majini, nikamng'ang'ania shingoni.

Alikuwa mzima, amefumba macho, anasali rozari kwa vidole. Alifika kwanza kwenye "Amina" ndipo akafumbua macho.

"We mtoto! Umekuja kuniokoa au kupasha ugali?"

Kapu lilikuwa linaelea. Nililia huku nikicheka.

"Sala haikatizwi, mjukuu wangu," alisema. Lakini alinipapasa mgongoni hadi kilio kikaisha. Ugali ule tuliula umelowa, na sijapata kula mtamu kama huo.

Mwezi uliopita magoti yangu nami yalinipeleka kulekule. Siku hizi pikipiki inakufikisha karibu kabisa na mwamba. Mjukuu wangu Neema alibaki njiani, masikio kayaziba kwa muziki; kizazi hiki husikia Dar es Salaam nzima, isipokuwa bibi aliye hatua kumi. Nikajisemea, leo nikizimia, basi tena. Nikaanza Baba Yetu.

"Bibi! Mwakeye! Upo?"

Nilikuwa nimefika kwenye mkate wetu wa kila siku. Bibi yangu angemaliza kwanza. Mimi nilikatiza.

"Nipo, mama! Mwakeye!"

Nikamsikia akishusha pumzi. Kisha nikamrudia Mungu, naye alikuwa angali ananisubiri.