Mhesabu Miti wa Kilungu

Nilifika Kilungu mwaka 1978 nikiwa nimevaa viatu vyeupe, na hilo peke yake linatosha kukueleza nilikuwa mtu wa aina gani. Mimi Abdulatif, mtoto wa muuza nguo wa Kitui mjini, nilikuwa nimepata ukarani katika kampuni ya mbao iliyopanda mikaratusi na misonobari mlimani. Kuhusu miti nilijua kwamba ina majani. Waliponiambia nitafanya kazi na mama mmoja wa pale aliyeishia darasa la nne, nilijiona bosi wake. Mungu anisamehe, nilikuwa kijana.

Jina lake lilikuwa Mumbua. Mumewe, Kivuva, alikuwa fundi wa msumeno katika kiwanda cha kampuni hiyo hiyo. Wengi tulimwita Mama Ndolo, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuwa mfupi mwenye hatua ndefu, na kazi yake ilikuwa kuhesabu miti.

Kaunti kaunsili, baraza la madiwani wa wilaya, ilikuwa imeikodishia kampuni mlima ule kwa sharti moja kubwa: ukanda wa msitu wa kienyeji uliozunguka chemchemi usikatwe, na aina za miti zilizomo zisipungue themanini. Siku hizi wasomi wanaliita jambo hilo bioanuwai. Sisi tulisema aina, basi. Kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu msitu mzima, wataalamu walichagua miraba kumi na miwili, kila mmoja hatua hamsini kwa hamsini, wakaipaka miti ya pembezoni rangi nyekundu ili tusiipoteze. Kila baada ya miaka mitatu Mumbua aliizungushia kamba, akahesabu kila aina ya mti uliofika kiunoni, nami nikaandika.

Kumwona akihesabu ilikuwa raha. Alivunja jani, akalinusa, akalitafuna, akalitema, ndipo akataja jina. Mti asioujua hakuubahatishia jina. Alikata kijitawi akateremka nacho mpaka Kasikeu kwa shangazi yake mchimba dawa, akarudi kesho yake na jibu. Mimi siku moja nilichoka, nikaandika "aina kama thelathini" nikafunga daftari.

Mumbua alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Karani, huu mti unaitwa 'kama' uko wapi? Nionyeshe, mimi sijauona."

Tukaanza upya, saa saba mchana, jua limetukalia utosini. Zilikuwa ishirini na saba. Nilinuna mpaka jioni, na viatu vyangu havikuwa vyeupe tena.

Mwaka ule wa kwanza tulipata aina themanini na tatu. Mwaka 1981, themanini na tatu. Mwaka 1984 na 1987, vivyo hivyo. Bwana Kiilu, meneja wetu, alizitia hesabu hizo kwenye fremu akazitundika ukutani, na kila mgeni alionyeshwa kabla ya kupewa chai. Mwaka 1990 ulikuwa wa kuomba mkataba mpya wa miaka ishirini. Tukahesabu: themanini na tatu. Bwana Kiilu akaanza kuulizia bei ya mbuzi wa sherehe.

Kisha Jumatatu moja Mumbua alikuja ofisini kabla sijafungua dirisha. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Karani, sisi tumedanganya."

"Tumemdanganya nani, Mama Ndolo?"

"Watu wote. Jumamosi nilienda kuni kule juu. Nimekata, nimekata, nikafika penye rangi, nikazunguka. Nikajiuliza, wewe Mumbua, mbona umezunguka?"

Sikumwelewa, ikabidi anieleze kama mtoto. Katika vilima vile, mtu akichagua mti wa kutundika mzinga wa nyuki, huuchanja alama ya ukoo wake kwenye gome. Tangu hapo mti una mwenyewe, na hakuna mwingine atakayeugusa, hata kwa kuni. Watu walipoona rangi ya kampuni, mikono yao ikaiheshimu bila kuuliza ni ya nani. Wakazunguka. Nje ya rangi walikata kama kawaida, na hata manyapara wetu walijikatia nguzo huko. Kwa miaka kumi na miwili tulikuwa tumehesabu mahali pasipokatwa, tukasema huo ndio msitu.

Fremu ile ya Bwana Kiilu niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mumbua alitaka tuhesabu pengine, bila rangi. Nilitandaza ramani mezani, akafumba macho, akarusha punje kumi na mbili za mahindi. Kila ilipoangukia punje tulikwenda, tukafukia vipande vinne vya chuma chini ya udongo, kimoja kila pembe, vya kujulikana na sisi wawili tu. Tukahesabu wiki mbili. Visiki tulivyoviona vilinitia huzuni, mimi niliyekuja bila kutofautisha mkuyu na msandali. Jumla ilikuwa aina hamsini na mbili.

Bwana Kiilu aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama.

"Mama Ndolo, mkataba unasema miraba kumi na miwili ile. Umehesabu, ziko themanini na tatu. Uongo uko wapi? Ukipeleka hii yako, kaunsili itatunyima mkataba, kiwanda kifungwe nusu, na Kivuva wako awe wa kwanza kwenda nyumbani. Fikiria hiyo."

Sitamwita mtu mbaya. Zaidi ya watu mia walikuwa wakilisha watoto wao kwa kiwanda kile, na alikuwa akiwafikiria. Mumbua alimwambia atafikiria, akaenda zake.

Mkutano wa kaunsili kuhusu mkataba ulifanyika Mbumbuni, katika ukumbi wa kanisa, madiwani mbele na wananchi wamejaa hadi mlangoni. Mimi nilisoma ripoti. Nilisoma themanini na tatu, kwa sauti safi isiyotetemeka, na naona haya mpaka leo. Bwana Kilonzo, afisa wa misitu, akamgeukia Mumbua kwa adabu tu.

"Mama, uko na neno la kuongeza?"

"Niko nalo. Hizo ni za ndani ya rangi. Nje ya rangi ni hamsini na mbili."

Akaeleza yote, rangi, mizinga, visiki. Diwani mmoja aliruka akauliza ni nani waliokata. Kina mama waliokuwa nyuma waliinamisha vichwa.

"Andika Mumbua wa Kivuva," Mumbua akasema. "Mzigo mmoja kila Jumamosi tangu niolewe. Wengine watajisemea wenyewe."

Hakuna aliyejisemea.

Kaunsili ilikataa miaka ishirini, ikatoa mitatu, na shabaha mpya: aina sitini ifikapo 1993, zihesabiwe penye vyuma vilivyofukiwa. Watu arubaini walisimamishwa kazi, na Kivuva akawa wa kwanza, kama Bwana Kiilu alivyosema. Kanisani benchi la Mumbua lilibaki na nafasi pande zote mbili. Nyumbani Kivuva alikula bila kusema neno, akalala bila kusema neno, na hali hiyo haikuwa ya wiki moja. Mimi niliona ningekuwa Mumbua ningehama.

Yeye alirudi kwa Bwana Kiilu. Nyuma ya kiwanda tulikuwa na kilima kizima cha mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, na kila mwezi tuliyachoma moto yasitujazie uwanja. Mumbua aliuliza kwa nini kuni zinachomwa bure huku wanawake wanapanda mlima na panga. Nafikiri swali hilo lilimuuma Bwana Kiilu, akaamuru yasichomwe tena. Tangu mwezi ule kina mama wakachukua mabanzi kila Jumamosi. Wa kwanza walikuja wakimkwepa Mumbua kwa macho. Kufika Krismasi walikuwa wakimsalimia. Huko juu visiki vikachipua.

Mwaka 1993 tulihesabu tena. Wale arubaini walijua kabisa kwamba aina sitini maana yake ni kazi zao. Siku ya mwisho, mraba wa mwisho, tulikuwa na hamsini na tisa. Hatua mbili nje ya kamba ulisimama mche wa muhuhu, kiunoni barabara, na muhuhu hatukuwa nao katika hesabu. Mumbua alikuwa ameinama upande wa pili. Nikaisogeza kamba. Ndiyo, mimi.

Aliporudi aliitazama kamba, akanitazama, akairudisha mahali pake bila hasira yoyote.

"Huo utaingia siku kamba itaangukia kwake, karani. Leo andika hamsini na tisa."

Mbumbuni, ukumbi ule ule. Safari hii namba niliisoma sauti ikinitetemeka. Wale waliosimamishwa walikaa pamoja ukutani, na mmoja wao, Muli, akapiga kelele kwamba mti mmoja si kitu, labda mama amechoka macho. Bwana Kilonzo alisema sheria inawapa haki: wakitaka hesabu irudiwe na mtu mwingine, itarudiwa. Wote wakamgeukia Kivuva.

Alisimama taratibu. Alikuwa amekonda.

"Mimi ndio nilifutwa wa kwanza kwa hesabu ya huyu mama. Miaka mitatu nimekaa nyumbani nikimkasirikia. Angetaka nirudi kazi, angeongeza mti mmoja tu, nani angejua? Hakuongeza, na mimi ni bwana yake. Sasa nyinyi mnataka kurudia nini? Andikeni hamsini na tisa."

Muli akakaa chini. Bwana Kilonzo aliandika kwamba aina zinaongezeka na kwamba hesabu inaaminika, na kwa maneno hayo mkataba uliongezwa miaka mitano, wanaume wakarudi kiwandani kabla ya Pasaka. Lakini saa ile hakuna aliyeyajua hayo, na sidhani kama Mumbua alikuwa akiyawaza. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimemwona akibishana, akinicheka, akitafuna majani machungu. Kulia, nilimwona siku hiyo moja.