Miwani Isiyotulia Mezani

Watu wa mtaa walimwita Mzee Masikio, na wala si kwa sababu ya masikio yake, ambayo yalikuwa madogo ya kawaida tu. Ukiingia karakanani kwake, kabla hajaitikia salamu alikuwa ameshakukagua masikio yote mawili, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. "Macho ni kazi ya daktari," angekwambia. "Mimi nashughulika na pale miwani inapolala."

Alikuwa fundi wa fremu za miwani, tena za pembe ya nyati. Aliichana pembe vipande vyembamba, akaipasha moto na kuibana kwenye vibao mpaka inyooke. Kisha aliikata kwa msumeno mwembamba na kuisugua kwa msasa kutwa nzima, hadi rangi zake zijitokeze: nyeusi, ya asali, na mistari ya kijivu. Hakukuwa na fremu mbili zilizofanana. Karakana ilinuka nywele zilizoungua, na wateja walisimama mlangoni wameziba pua, lakini walingoja. Siku hizi miwani ya plastiki imejaa kwenye trei pale kona, ukiikalia unatupa na kununua nyingine. Mzee akiipita hugeuza uso, kama aliyekutana na mtu waliyegombana.

Hata mke alimpata kwa masikio. Alikuwa binti mshonaji mwenye ulimi mkali, na alifika na miwani iliyomkaa kombo. Mafundi wengine walikuwa wameinyoosha wakachoka. Kila akiivaa, upande wa kushoto unashuka. Fundi wetu, kijana wakati huo, hakuigusa miwani. Alimwomba asogeze kitambaa cha kichwani. Binti akagoma. Fundi akaendelea na msasa wake kana kwamba hana mgeni. Mwishowe binti akakisogeza kidogo, na hapo sikio la kushoto likaonekana limekaa chini kuliko la kulia. Alizaliwa nalo hivyo.

"Ukicheka nakuchoma sindano," alisema.

Hakucheka. Alimchongea fremu mpya, akaupinda mkono wake wa kushoto, ule unaoshika sikio, kuelekea chini kiasi alichokijua yeye, na miwani ikatulia sawasawa usoni. Binti alijitazama kwenye kioo muda mrefu. "Usimwambie mtu," akasema. Hakumwambia mtu, alimwoa. Wanasema akipenda, chongo huita kengeza, lakini huyu hata kengeza hakuiona.

Wakapata mtoto mmoja, wa kike, aliyekulia chini ya meza ya kazi. Alipokuwa mdogo aliiba miwani ya mama yake na kuivaa. Kwa kuwa masikio yake yalilingana, ilimwinukia kushoto na kumlalia shavuni kulia, na mama akacheka akishika ubavu. "Mwone karani wetu!" alisema. Mchezo huo haukuisha utamu mpaka mtoto alipovunja ungo.

Alipokua, baba alimrithisha kazi. Somo la kwanza lilikuwa kuilaza fremu kichwa chini juu ya kioo cha meza na kuigusa kwa kidole. Ikitikisika, imepinda. "Fremu iliyopinda ni aibu ya fundi," alimwambia. "Usiirudishe kwa mwenyewe mpaka itulie."

Mama akafariki. Miwani yake ikabaki kwenye kijisanduku juu ya rafu, na kila baada ya muda mzee aliishusha, akaipaka mafuta isikauke, akailaza juu ya kioo na kuigusa. Tik, tik. Fremu isiyo na kasoro itikisike namna ile kwa sababu ya sikio la mtu mmoja! Alikuwa akimkumbuka mkewe sana, na ile sauti ndogo ilimtuliza.

Basi siku moja alirudi kutoka kwa kinyozi, akamkuta binti yake anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Baba, njoo uone. Nimeing'arisha ya Mama."

Iling'aa kweli. Mzee akailaza juu ya kioo, akaigusa. Kimya.

"Umeinyoosha," alisema.

"Si ilikuwa imepinda, Baba? Mkono wa kushoto. Nimeupasha polepole, hata ufa hauna."

Mzee alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Mtoto alikuwa amefanya alivyofunzwa, tena vizuri kuliko mwalimu. Akaketi, akamweleza habari ya sikio. Binti akaanza kulia.

"Mimi mwanenu wa kuzaa, mbona hamkuniambia?"

"Aliniapisha, mwanangu, na kitambaa chake hakikutoka kichwani. Nami nikanyamaza hadi nikapitiliza."

"Basi naipinda tena. Niambie tu ni kiasi gani."

Mzee aliitazama mikono yake. Hakuwahi kukipima kile kiasi. Kilikuwa mikononi tu. Picha za mkewe zilizokuwa ukutani hazikufaa kitu, maana ndani yake miwani ilikaa sawa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Samaki mkunje angali mbichi, na pembe hii ilikuwa imekauka miaka. Kuipinda tena ni kucheza na mkatiko. Lakini hofu yake kubwa haikuwa kuvunja. Aliogopa kwamba mikono yake imeshamsahau mkewe.

"Washa jiko," alisema.

Aliupitisha ule mkono juu ya joto, akaurudisha, akaupitisha tena, akiujaribu kwenye ngozi ya kiganja. Akafumba macho. Akamkumbuka ameketi kwenye kigoda, kitambaa kimesogezwa, ananung'unika, "Vidole vyako baridi, we baba." Akapinda. Pembe ikalia kidogo, naye akakomea hapohapo, akaishikilia mpaka ikapoa.

Juu ya kioo ikatikisika. Binti akashangilia, lakini mzee akatikisa kichwa. "Yoyote iliyopinda hutikisika. Ivae."

"Mimi?"

"Ivae, nimesema."

Yule mama mzima, mwenye watoto wake nyumbani, akaivaa. Ikamwinukia kushoto, ikamlalia shavuni kulia, nyusi moja nje nyingine ndani. Akajitazama kwenye kioo cha wateja, halafu kicheko kikamtoka huku ameshika ubavu.

"Baba, ndiyo hii! Ndivyo ilivyokuwa ikinikaa, hivihivi!"

Alinyoosha kidole kuisawazisha, mzee akamshika mkono. "Iache," alisema. "Mwone karani wetu." Na machozi yakamtoka, asijali nani anapita mlangoni.