Siku Bibi Alipolifungulia Ziwa Mlango

Juma lililopita nilitoboa mkebe mbele ya darasa langu: tundu moja juu, moja katikati, moja chini. Nikamimina maji. Tundu la chini likayarusha mbali kuliko mengine, na wanafunzi wakapiga kelele kama tulivyopiga sisi zamani. Nikageukia ubao nikijifanya naandika. Wewe unanijua, ungeniuliza nina nini, basi acha nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, naishi Mulongwe, ufukweni mwa ziwa, na bibi, mama yake baba. Maisha yake yote alianika ndagala, vile vidagaa vya ziwa letu, mchangani, na kwa ndagala hizo akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Asubuhi yeye anasonga ugali wa muhogo, mimi nafukuza kuku kwenye samaki. Harufu ilinifuata hadi darasani, wenzangu wakaziba pua, nami nikawaambia usiku wanaila hiyohiyo.

Mwalimu wetu wa fizikia alituuliza: mlango ukizuia maji ya ziwa, na mwingine kama huo ukizuia maji ya tangi, kina kikiwa sawa, upi unasukumwa zaidi? Nikajibu ziwa, bila hata kufikiri. Nikapata sifuri. Mimi niliyezaliwa ufukweni! Nilinuna siku nyingi.

Mwaka huohuo ziwa likapanda, likaingia uani. Bibi akaziba mlango kwa mifuko ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, na kila ufa kwa matambara. Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Nje maji yakafika kiunoni, ndani sakafu kavu, bibi anafagia. Tulipitia dirishani, naye alijivuna kweli. Lakini mimi niliona ukuta wa upande wa ziwa, pale chini karibu na sakafu, umeanza kutoa tumbo. Nikaukumbuka mkebe aliotutobolea mwalimu, na tundu lake la chini, nikaogopa. Nikakanyaga maji hadi nyumbani kwa mwalimu kumwita.

Alikuja, akapapasa ukuta, akatikisa kichwa, akamwambia bibi:

"Mama, fungua mulango. Acha maji iingie."

"Weye mwalimu, unaambia minye niingize ziwa mu nyumba? Ziwa yote iko inasukuma hii mulango, toka Kalemie mpaka hapa, na minye nimeizuia!"

"Haiko ziwa yote, mama. Ni kina tu ya haya maji iko hapa inje. Ikifika na ndani, itasukuma huku na huku, na ukuta itasimama."

Hapo ndipo nilipoielewa sifuri yangu. Bibi aliendelea kufagia. Kisha tukasikia ukuta wa jirani ukianguka. Watu wake walikuwa wameshatoka, ashukuriwe Mungu. Bibi akaweka ufagio juu ya meza, akakunja mkeka, akaanza kuondoa mifuko, mmoja mmoja, kuanzia wa juu. Hakutaka tumsaidie. Maji yaliingia na majani na uchafu, yakapita juu ya sakafu yake.

Maji yalipopungua miezi kadhaa baadaye, nyumba yetu ilikuwa imesimama, peke yake katika mstari ule wa nyumba. Watu walitupongeza. Bibi aliingia, akasimama katikati ya chumba, akatoka. Alihamia kwa shangazi, juu mlimani, na hadi kufa kwake hakulala tena pale chini. Mchanga wake wa kuanikia umo ziwani hadi leo, na wanawake walioanika naye wametawanyika, sijui nani yuko wapi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hakutaka kurudi, na nyumba ipo.

"Ingeanguka, ningesema ziwa iliniibia," akasema. "Lakini ni minye nilifungua."

Mwalimu alisema kweli, na leo naifundisha kweli hiyohiyo. Lakini aliyekwenda kumwita nilikuwa mimi, na bibi hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.